Njiti za Mwisho wa Mwezi

Nafundisha hesabu chuoni Lodwar. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa napanda pikapu kwenda kambini Kakuma kumsaidia mwalimu mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, aliyefundisha watu wazima. Niseme ukweli: nilienda kwa sababu nilimpenda.

Mada yetu ilikuwa milinganyo ya mabadiliko, ile inayokwambia kitu kinapanda au kushuka kwa kasi gani. Kompyuta hatukuwa nayo. Tulitandika karatasi ya manila, tukatia nukta, na kwenye kila nukta tukabandika njiti ya kiberiti, imeinama vile mlinganyo ulivyosema. Halafu unachagua pa kuanzia, unalaza uzi, njiti moja ikikupeleka kwa nyingine. Jibu unaliona kwa macho kabla hujalitafuta kwa kalamu.

Mimi ni bahili wa kuzaliwa. Nilipanga njiti chache, mbali mno moja na nyingine, uzi ukaruka mstari wa sifuri, na hakuna jibu la mlinganyo ule linaloweza kuuvuka. Alicheka hadi akakaa chini.

"Dada, unabania sana njiti! Hapa katikati haujue kitu, unapita tu."

Tukabandika upya.

Siku moja akaniuliza kama aandikishe jina langu kwenye faili lake la kuhamia ng'ambo, kama mke wake. Nilimwambia angoje niongee na baba. Sikuongea. Baba ni mkali, nami ni mwoga. Kila nilipofika nilimkuta vilevile, chai ya tangawizi mezani, kicheko kilekile, nikaamini tuna muda. Mjinga mimi! Nilimtazama mara moja kwa mwezi, na siku zote za katikati nikazijaza kwa kubahatisha.

Wiki ya mitihani alinipigia simu mara mbili. Nilikuwa nasimamia wanafunzi. Niliona jina lake, nikanyamazisha simu, nikajiambia Jumamosi si mbali.

Jumamosi nilikuta mlango wake una kufuli. Jirani yake, mama Msomali muuza sukari, akanivuta kivulini.

"Ndege ilimchukua jana, mwalimu. Aliniambia yote. Jumatano watu wa ofisi ya kuhamisha walimuuliza mara ya mwisho, iko bibi wa kwenda naye? Akasema ngoja. Akatoka nje, akapiga simu. Akapiga tena. Akarudi ndani, akasema hana."