Unga kwenye Matairi

Fundi Wilfried anakata na kulehemu mabati ya magari hapa Baraka, na hana mita ya kupimia. Nilimupelekea jeep yangu ya njia ya Lulimba, kwa sababu matairi mapya makubwa yalikuwa yanakwaruza bodi. Akaniambia nipakie kwanza magunia kumi ya muhogo, kisha akaita bamama sita bapande juu.

Nilikasirika. "Papa Wilfried, mi nimeleta gari kwa fundi, si kwa soko."

"Gari tupu inasimama juu, inadanganya," akasema.

Akapaka matairi yote unga wa muhogo uliolowana, akaniamuru niende mbele na nyuma polepole, nikizungusha usukani mpaka mwisho, bamama bakicheka kule juu. Halafu akalala chini ya jeep. Kila mahali bati ilipoonyesha alama nyeupe akakata, akaongeza nafasi ya upana wa kidole chake. Mahali pengine hakugusa.

Leo nimefika Lulimba na mzigo wote, nikipita mashimo yote ya njia, bila kusikia mukwaruzo hata moja. Nikapiga magoti kwenye matope, nikaingiza kidole kati ya tairi na bati. Kikapita, kimoja tu, pande zote nne. Sikusimama haraka.