Kofia ya Baba Mbele ya Simu

Kaka yangu mkubwa ana simu inayojua kofia. Usinicheke, nasema kweli. Duka lake liko Dar, anauza kofia za kufuma, na ndani ya kila kofia ameshonea kachipu kadogo kama punje ya mchele. Ukiisogeza simu, inalia ti! kisha inaandika: HALISI. Eti wateja wasiuziwe feki. Haya. Sisi Tabora tumevaa kofia tangu enzi za mababu, na sijawahi kumwona mtu akiuliza kama alichovaa ni kofia.

Mwaka jana alikuja likizo, akaiomba kofia ya Baba, ile nyeupe aliyofumiwa na Mama. Akafumua ukingo, akatia kachipu kake, akaingiza jina la Baba kwenye simu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kofia ilipochafuka Mama aliichemsha kama siku zote, akaitia wanga, akaiwamba juu ya bakuli ikauke. Kwetu kofia hutunzwa hivyo.

Baba alipofariki, kaka alikuja na boksi zima la kofia nyeupe, akawagawia wajomba na mashemeji. Msibani, jamani! Watu wanamlilia marehemu, yeye anawaonyesha simu. Niliona haya mpaka nikajificha jikoni.

Siku ya kuanua tanga akafika mtani wetu, mama wa Kizaramo aliyeolewa Igalula. Yule hana dogo. Aliichukua kofia ya Baba chumbani, akaivaa, akapita uani kwa ule mwendo wa Baba wa kuburuza mguu, huku akilia kwamba marehemu ni mumewe yeye na Mama kamwibia tu. Tulicheka machozi yakitutoka. Halafu akawavua wanaume kofia zao mpya zote, akazilundika mkekani pamoja na ya Baba: hazitoki bila jogoo.

Jogoo akaletwa. Mama alikuwa amekaa mlangoni, amejifunika khanga. Akasema neno moja tu: "Ya mume wangu nipeni." Alitaka akae nayo eda yake yote.

Ungedhani ni jambo la kunyoosha mkono tu. Thubutu! Kaka akachuchumaa na simu yake. "Subirini, tusibahatishe." Ti, halisi. Ti, halisi. Akazipitia zote, jina la Baba halikutokea. Moja tu, iliyolainika kwa kufuliwa, simu iliinyamazia. Akaigeuza, akajaribu tena. Kimya.

"Hii feki," akatangaza. "Ya mzee imeibwa."

"Hiyo hiyo ndiyo yake," Mama akasema, mkono ameunyoosha.

"Mama, wewe una majonzi. Mashine haina majonzi."

Nikamwambia hicho kidude chake kilishachemshwa na sabuni zamani. Akanitazama kama kuku aliyeingia sebuleni. "Wewe teknolojia unaijua?" Msomi wetu huyo! Akatoa kofia mpya kwenye boksi, akabonyezabonyeza simu, akamwekea Mama magotini. "Nimeisajili kwa jina la Baba. Sasa hii ndiyo ya Baba." Ile nyingine akamrushia mtani. "Chukua, hiyo yako."

Wallahi nilitaka kumzaba kofi, mkubwa wangu au si mkubwa wangu. Mama aliitazama ile mpya bila kuigusa, mkono wake bado umenyooka. Na wazee wetu? Hakuna aliyefungua mdomo. Wangefunguaje, na kofia za bure zinawasubiri pale mkekani?

Basi macho yote yakamgeukia mtani. Ana haki ya kuivaa, kuikalia, hata kupanda nayo treni mpaka Igalula, na hakuna wa kumuuliza. Akaikung'uta vumbi. Akaenda mpaka mlangoni, akapiga magoti, akaiweka kwenye ule mkono wa Mama.

"Dada," akamwambia taratibu, "pokea kofia ya mumeo."