Kumi na Nane kwa Ishirini

Iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kufundisha, afadhali uisikie kwangu leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa uandishi na fasihi katika chuo cha ufundi karibu na Rodi Kopany. Wanafunzi wangu walikuwa wakisomea ushonaji, uashi na umakanika, na insha zao zilinichosha. Kila mmoja aliandika siku asiyoweza kuisahau, na kila siku hiyo jua liliwaka na ndege wakaimba. Nilikuwa kijana mwenye kiburi (usicheke, hata wewe unacho), nikataka waandike kitu kinachouma. Basi nikawapa zoezi: chagua mtu unayempenda, aliye hai, uandike wasifu wake kama utakaosomwa siku ya kumzika.

Nilijua ni mwiko. Nyanya yangu kule Kosele alitukanya tangu utotoni kwamba aliye hai haliliwi, maana ukimlilia unamwitia kifo. Lakini mimi nilikuwa na shahada, na miiko niliwaachia wasiosoma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu.

Auma, msichana mpole wa darasa la ushonaji, alinifuata ofisini. "Mwalimu, kwetu hii kitu hatufanyi." Nikamwambia fasihi haina woga. Akaenda akaandika juu ya baba yake, mchuuzi wa ng'ombe katika mnada wa Ogwedhi. Aliandika jinsi baba alivyorudi na vumbi kwenye nyusi, akanawa miguu nje kabla ya kuingia, na jinsi alivyouza fahali aliyempenda ili amnunulie bintiye cherehani. Nililia, mwanangu. Nikampa kumi na nane kwa ishirini, kwa wino mwekundu, naye akaipeleka karatasi nyumbani chuo kilipofungwa.

Mwezi haukuisha. Lori la ng'ombe lilipinduka likitoka Ogwedhi, na baba yake Auma alikuwa ndani.

Nilienda mazishini peke yangu kukiwakilisha chuo. Baba mdogo wa Auma alikuwa amepekua sanduku la msichana akitafuta picha ya marehemu, akaikuta ile karatasi. Akasimama nayo mbele ya watu wote, kipaza sauti mkononi.

"Huyu mtoto alizika ndugu yangu kabla hajakufa! Nani alimfunza mambo kama hii?"

Auma alikuwa ameketi chini, mbali na ndugu zake, kwa sababu walimkataza kulikaribia jeneza. Aliniangalia mara moja tu. Kisha akasema, "Niliandika mwenyewe."

Haukupita muda nikaitwa nitoe salamu za chuo. Kipaza sauti kile kile kikawa mkononi mwangu. Nilikuwa na maneno matatu ya kusema: ni mimi niliyemwagiza. Sikuyasema. Nilitoa pole, nikalitaja jina la Mungu, nikaketi. Niliogopa, mwanangu, na woga huo sina jina jingine la kuupa.

Wakati wa kula, mama mzazi wa marehemu alileta maji ya kunawa mwenyewe. Akanimiminia polepole.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "mimi sijui kusoma. Lakini wino nyekundu najua. Hii mtoto hana kalamu nyekundu. Ulimpa ngapi?"

"Kumi na nane, mama."

"Na wewe leo, nikupe ngapi?"

Akanipa kitambaa nijifute, akaenda kuwanawisha wengine.

Wiki iliyofuata nilirudi kukiri. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akasema waliopaswa kusikia walisharudi makwao. Maji yakimwagika hayazoleki. Auma hakurudi chuoni. Miaka mingi baadaye nilimkuta sokoni Migori akishona sare za shule kwa cherehani ile ile ya baba yake. Alinisalimu kwa heshima, akanipa kiti. Mteja alipokuja kupimwa, Auma alivuta utepe, akataja vipimo kwa sauti, na mama wa kibanda cha pili akaviandika. Yeye kalamu hakuigusa. Nilimwomba msamaha.

"Hiyo ilipita, mwalimu," akasema, huku akikanyaga cherehani. Haikuwa imepita.

Mwanangu, sikuambii uwape wanafunzi wako kazi nyepesi. Wape ngumu. Lakini atakayekuja kukwambia kwamba kwao jambo hilo halifanywi, mkalishe umsikilize, huenda siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Na kazi ukishaitoa ni yako, hata kama imeandikwa kwa mkono wa mtoto wa mwenzio. Siku watu watakapouliza ni nani, simama siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Mimi nilichelewa wiki moja, na hadi leo bado nimechelewa.

Nenda salama. Mungu akupe wanafunzi watakaokushinda kuandika, akupe na masikio ya kuwasikia. Zaidi ya yote akupe miguu ya kusimama. Mimi alinipa, nikaikalia.