Nilivyomtoa Nekesa kwa Mdomo

Kama hutaki kuamini, nenda Naitiri ukaulize. Ndugu yangu Wafula yuko hai, shangazi yetu yuko hai, na kaburi nitakalokueleza habari zake liko pale pale nyuma ya nyumba, halijahama. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Sina ujuzi wa kubuni mambo. Nitasema nilivyoona, basi.

Baba alitangulia. Mama akafuata, akatuachia Nekesa akiwa na miezi minne. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliweka vitabu chini, nikaanza kuuza nguo za mitumba Kitale. Nekesa nilimlea mgongoni kati ya marundo ya sweta. Wafula nilimsomesha mpaka akamaliza, akapata kazi Mombasa. Miaka saba ilikuwa imepita tangu mama atuache, ni ile ya elfu mbili na kitu, aliponipigia simu.

"Dada, umetupikia vya kutosha. Agosti shule zikifungwa mje. Nimechukua nyumba kando ya bahari. Utakaa tu, miguu juu."

Kumbe nyumba yenyewe ni ile ya kujipikia! Nilipoona jiko la gesi na sufuria zimepangwa, nilimgeukia.

"Si ulisema miguu juu?"

"Miguu juu ya stuli, dada. Mikono kwa mwiko."

Tulicheka sana. Tena nilikuwa nimebeba unga makopo mawili ya gorogoro kutoka Kitale, kwa maana sikuwa na hakika kama watu wa bahari wanajua ugali.

Siku ya pili, saa saba mchana, tulikuwa tunakula barazani. Mama Kadzo, mwanamke wa pale aliyekuwa akifagia nyumba hizo za wageni, alikuwa akiparua samaki penye mfereji. Ndipo mwanamke mmoja akaja kutoka upande wa maji. Hakupiga hodi. Alikuwa amejifunga leso mpya, lakini leso hiyo haikuwa na maneno. Wewe umewahi kuona leso isiyo na jina? Mimi ni mtu wa nguo, hilo ndilo lililonishika jicho kwanza.

Kwetu mgeni akiwakuta mezani haulizwi kama ana njaa. Nilimkatia ugali, nikamsogezea kiti. Alikaa, lakini chakula hakukigusa. Alimtazama Nekesa tu.

"Huyu ni wako?"

"Ni mdogo wangu. Mama alituacha."

"Kwa hiyo hana mama."

"Hana. Tunasukumana naye hivyo hivyo."

"Ni mzuri. Nitaenda naye."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kosa langu liko hapa. Kwetu, kuanzia Kimilili mpaka Kachibora, mgeni akipenda mtoto husema ataenda naye, na mwenye nyumba humjibu amchukue. Ni mzaha wa heshima. Mtoto hujificha nyuma ya sketi, watu hucheka, chai huongezwa. Nimeusikia mara ngapi? Nimeusema mara ngapi?

"Mchukue tu!" nikasema. "Lakini ujue anakula kama askari."

Wafula alicheka. Nekesa mwenyewe alicheka. Yule mwanamke hakucheka. Alisema "Asante," akainuka, akarudi alikotoka. Kiti alichokalia kilikuwa kimelowa, na sakafu chini yake ilikuwa na maji ambayo jua lile lote halikuyakausha mpaka jioni.

Mama Kadzo alikuwa ameacha samaki wake. "Umemwambia nini?"

"Nilikuwa namtania tu, mama."

"Yule ni wa baharini, hataniwi. Mtoto umeshamtoa. Umemtoa kwa mdomo wako mwenyewe."

"Ah, mama, hayo ni mambo ya kishenzi," Wafula akasema. "Sisi ni watu wa kanisa, bana."

"Na yeye amewauliza dini?"

Alichukua ndoo yake akaenda, akituonya tusimwache mtoto mbali na mkono. Wafula aliendelea kucheka, lakini mimi sikula tena. Usiku huo nililala nimejifunga leso moja na Nekesa kiunoni.

Siku iliyofuata nilimweka jikoni, karibu na miguu yangu. Nilikuwa nasonga ugali. Unajua ugali ukianza kushikana hauachwi. Niligeuza mwiko mara tatu, labda nne. Nilipotazama chini, hayupo.

Nilitoka mbio. Bahari ilikuwa imeondoka. Niamini, sisi wa bara hatukujua kwamba maji hupwa namna ile, yakaacha mchanga na mawe matupu mpaka mbali kabisa, kule mawimbi yanakovunjikia. Na huko mbali niliona watu wawili wakitembea, mkubwa na mdogo, wameshikana mikono. Mdogo alikuwa na gauni la manjano ambalo nilimshonea mwenyewe.

Nilikimbia. Wafula alinifuata, akakanyaga kitu chenye miiba, akaanguka akipiga kelele. Sikusimama. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yalinifika kwenye vifundo, kisha magotini. Nilipowafikia, Nekesa alinitazama kama unavyomtazama mtu mnayepishana naye njiani. Hakunijua.

"Nirudishie," nikasema.

"Ulinipa."

"Nilikuwa nacheka tu!"

"Ulinipa," alisema tena, bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuwa na hasira hata kidogo.

Niliomba kwa jina la Yesu, kwa sauti. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa. Maji yalikuwa yamefika mapajani kwangu. Nekesa yalimfika kifuani. Ndipo neno likanijia.

"Mimi si mama yake. Sikuwa na uwezo wa kumtoa. Mwenye mtoto amelala Naitiri. Nenda ukamwombe yeye."

Alifikiri. "Naitiri ni wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwelekeza. Nilimwambia apande mpaka Kitale, kisha ashike njia ya Naitiri, apite kinu cha posho, aingie boma lenye mikaratusi miwili, azunguke nyuma ya nyumba. Kaburi ni la saruji. Aliyarudia maneno yangu yote, moja moja, kama mtoto anayekariri. Kisha akauachia mkono wa Nekesa, na Nekesa akaniita dada.

Tuliondoka mchana ule ule, Wafula akiwa na mguu uliovimba. Tulifika nyumbani Naitiri kesho yake jioni. Shangazi alitupokea langoni.

"Mgeni wenu alifika," akasema.

"Mgeni gani, shangazi?"

"Si yule mama mliyemtuma? Jana, saa tisa hivi. Nguo zinachuruzika maji, na huku hakujanyesha wiki nzima. Nilimwonyesha kaburi. Alikaa hapo akiongea na mama yenu mpaka jua likatua."

Jana saa tisa! Na mimi jana saa saba nilikuwa nimesimama mbele yake baharini.

"Alikuwa anasema nini?" Wafula akauliza.

"Sikusikia. Lakini alikuwa anasema, halafu ananyamaza, halafu anatikisa kichwa, kama mtu anayejibiwa. Wakati wa kwenda nilimuuliza kama atakunywa chai. Akasema hapana, wameelewana."

Wameelewana nini? Nimejiuliza tangu siku hiyo. Nekesa sasa ni msichana mkubwa, ananipita urefu, na hakumbuki chochote. Lakini ng'ombe wa majirani huvunja ua wetu kuja kulamba saruji ya kaburi la mama. Wafula alionja kwa kidole. Ni chumvi. Tunaosha, mvua inaosha, inarudi. Mimi hujiambia kwamba mama hawezi kumtoa mtoto wake. Kisha nakumbuka kwamba hata mimi nilidhani siwezi.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto, au mwenye kulea wa mwenzako, sikia. Mgeni akikuambia ataenda naye, mwambie huyu hatolewi, hata kama mgeni ni dada yako. Akicheka, mpe chai. Asipocheka, usimwelekeze popote.