Harusi ya Ndizi Zilizoanguka

Mgomba ukivunjika hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine: harufu ya maji mabichi, kali kidogo puani, kama tango lililokatwa kwa kisu chenye kutu. Kwa kawaida huisikii sana, maana mgomba mmoja ukianguka harufu yake huishia hapohapo shambani. Lakini asubuhi ile, nilipokuwa darasa la sita, kijiji chetu cha Matwebe kizima kilinuka hivyo. Upepo ulikuwa umetushukia alasiri ya jana yake kutoka upande wa mlima, ukiwa na mvua ya mawe ndani yake. Mabati yalipiga kelele hata tukawa tunaona midomo ya baba ikitembea katika sala bila kusikia neno. Mama aliuegemea mlango kwa mgongo, na kila ulipotikisika alitikisika nao. Nje migomba ilivunjika mmoja baada ya mwingine kwa mlio mzito, kama mtu anayeshusha magunia. Kulipotulia na tukafungua mlango, kitu cha kwanza nilichoshangaa ni mwanga. Nilisimama kizingitini nikaiona nyumba ya jirani yetu ng'ambo ya bonde, na jirani mwenyewe amesimama mlangoni kwake akitutazama. Tangu nizaliwe sikuwahi kuiona nyumba ile nikiwa kwetu, kwa sababu kati yetu kulikuwa na migomba tu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilimwagwa sokoni Tukuyu, na malori kutoka Dar es Salaam yalianza kupanda hadi vijijini kwetu kununua ndizi. Dada yangu Tusekile alikuwa amechumbiwa na kijana wa Suma aitwaye Ambakisye, na Ambakisye alikuwa amepata kazi ya utingo kwenye mojawapo ya malori hayo. Angeanza safari mara baada ya harusi. Baba alikuwa amekataa kuwauzia wafanyabiashara ndizi za sehemu kubwa ya shamba letu, akisema mikungu ile ni ya harusi, na mimi ndiye niliyeikatia miti ya kuitegemeza isilale kwa uzito. Sasa yote ilikuwa chini, ikiwa imeilalia miti yangu. Kwetu mwaka wa njaa harusi huahirishwa, na kila mtu alijua hivyo. Wasichana waliokuja kutusaidia kukata majani hawakuwa na huruma. "Tuse, akienda mjini peke yake atarudi na mke mwenye kucha nyekundu," mmoja alisema, na wengine wakacheka. Dada alicheka nao, kisha akaenda nyuma ya jiko. Nilimfuata nikamkuta akikwangua utomvu mikononi kwa jivu, akikwangua palepale tu, ingawa mikono ilikwisha takata.

Lori la ndizi lilifika kesho yake kwa shida, likaishia barabarani palipokuwa na mti ulioanguka. Mfanyabiashara akatembea kwa miguu hadi kwetu, akabonyeza ndizi moja, akaikata, akatazama ndani. "Mzee, hizi bado changa. Zitakauka njiani kabla sijafika Dar." Akaondoka bila kununua hata mkungu mmoja, na kwa majirani ilikuwa hivyohivyo. Hapo ndipo baba alipokaa juu ya mgomba ulioanguka, akatazama huku na huku. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri. Ndizi hazikufaa kwa safari, ila kwa chungu zilifaa kabisa, na kwa siku chache zilizofuata kijiji kizima kingekuwa na chakula kingi kuliko kinavyoweza kumaliza. Baada ya hapo kusingekuwa na kitu mpaka machipukizi yakue. Akainuka, akaniambia nivae viatu.

Tukaenda Suma. Kwa desturi baba wa binti haendi mwenyewe kwa wakwe kuzungumzia harusi, kuna mshenga wa kazi hiyo. Baba alimpita mshenga nyumbani kwake bila kupiga hodi. Mzee Anyosisye, baba yake Ambakisye, alipotuona tukiingia uani na matope hadi magotini alisimama ghafla, na mkewe akaweka chini ungo aliokuwa ameshika.

"Umekuja kuvunja uchumba," Mzee Anyosisye alisema.

"Nimekuja kuwaita mle," baba akajibu. "Harusi iwe wiki hii."

"Wiki hii? Mkwe, upepo umekupiga kichwani? Ng'ombe wa mwisho sijamleta. Ananyonyesha."

"Ng'ombe ana miguu, atakuja siku yoyote. Ndizi haziwezi kungoja."

Mzee Anyosisye akaelekeza kidole zizini. "Na huyo ndama?"

"Mtoto hatenganishwi na mama yake," baba alisema bila kutabasamu. Yule mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo ya baraza, na mumewe akashindwa kujizuia. Ambakisye alikuwa amejibanza dirishani. Nilimwona akifunga macho kama mtu aliyetua mzigo.

Mchungaji alisoma tangazo la mwisho la ndoa Jumapili, akakubali kuwafungisha Jumatano. Shida iliyobaki ilikuwa gauni. Mama alilipata kwenye mitumba, jeupe, zuri, la mwanamke mwenye mwili mara mbili ya dada, na lilikuwa kwa fundi Shomari pale Makandana. Tulimkuta upepo umechukua paa la duka lake, anashona chini ya turubai huku maji yakidondokea ndoo. "Nitalimaliza, mama," aliahidi, pini zikiwa mdomoni. "Lakini mwambieni bibi harusi asipumue kwa nguvu. Mkono wa kushoto nimemwachia Mungu tu."

Sijawahi kula vile tena. Kila nyumba ilileta mikungu, tukamenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi, na mbalaga, yaani ndizi zilizopikwa na maharage na nyama, ilitoka kwenye vyungu vilivyopangwa tangu jikoni hadi kwenye shamba lililolala. Fundi Shomari alikuja na familia yake akakaa mbele, macho kwenye ule mkono wa kushoto, na hakula kwa amani mpaka dada alipoketi. Kwa kuwa migomba haikuwepo tena, watu wa ng'ambo ya bonde walituona tunacheza, nao wakaja. Dada alipoondoka, mama alimbebesha kapu la machipukizi aliyoyang'oa kando ya migomba iliyoanguka. "Ndaga, mama," dada alisema, yaani asante, na hapo ndipo alipolia.

Sasa nywele zangu ni nyeupe na shamba lile ni langu. Mimi mwenyewe niling'oa migomba ya baba, kwa jembe langu, nikapanda maparachichi, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na sikutaka kusikia la mtu. Dada alinikataza, nikamwambia yeye hajui biashara. Mvua zilizopita upepo ulikuja tena kutoka upande uleule. Asubuhi matunda yalikuwa yametanda chini, mabichi, magumu kama mawe, mnunuzi hayataki na chungu hakiyataki. Majirani nao walikuwa kila mmoja kwenye shamba lake, akiokota yake. Hakuna aliyemwita mwenzake, maana hakukuwa na cha kumwitia. Nilikaa pale nikajua nilichokosea, na si habari ya bei.

Mchana ikaingia pikipiki ya mjukuu wake Tusekile kutoka Suma, dada yangu nyuma, amekumbatia mkungu wa ndizi kama mtoto. Alishuka akatazama shamba, akatazama uso wangu. "Haya, mfanyabiashara," alisema, "nionyeshe namna ya kuyapika haya." Nilicheka kabla sijataka kucheka. Kisha akamwita kijana afungue gunia lililofungwa kwenye kiti. Yalikuwa machipukizi, watoto wa watoto wa yale ya kapu la mama, udongo wa Suma ungali mizizini. Ambakisye alikuwa ameyang'oa mwenyewe alfajiri. Tuliyapanda jioni ileile, mimi nachimba, yeye anakosoa, na tulipoinuka mikono yetu ilinuka maji mabichi.