Mbuzi ya Yaya na Mahindi Yangu ya mu Ordinatere

Bandugu, musinipige kwanza. Musome, kisha munipige. Kosa ni yangu mi mwenyewe, lakini mwenye alilipa ni yaya yangu, kaka mukubwa.

Yaya anatumikaka ku mine, ku machimbo, hapa Kolwezi. Alinunua ordinatere, ile kompyuta, akaniambia: «Mudogo, cheza, lakini usiharibishe kitu.» Mi mwenye nilifikia paka tu ku primaire, masomo ya chini, nikajifanya fundi!

Mule ndani muko jeu moja, muchezo ya shamba. Unapanda mahindi, unangoja siku muzima njo ikomae. Mi kungoja? Hata bukari, ile ugali yetu, sijangojaka ipole! Nikaingia ku saa ya ordinatere, nikaisukuma ku kesho. Pwaa, mahindi ikakomaa! Nikasukuma tena. Mashine ikawa inarudisha saa yake yenyewe ku internet. Nikatafuta kifungo yenye inafanya ile kazi, nikaizima. Mwisho ordinatere ilikuwa inaishi miaka tatu mbele yetu. Hata balimaji ba Kasaji habana mahindi vile!

Kisha nikasahau kurudisha saa. Eeh, maskini mi!

Yaya alikuwa anataka kuoa binti moja wa Kinshasa. Bamukwe, bazazi ba binti, bakasema: tutaonana kwanza mu video, midi, saa sita ya muchana ya kwetu. Simu kubwa ya yaya ilikuwa ilianguka mu maji, ikabakia paka ordinatere tu. Tantine ya binti, shangazi yake mwenye anaishi hapa Kolwezi, akakuja kuikala na sisi, aone kama tuko batu ya kweli. Yaya akavaa veste, koti ya heshima. Mujomba, mwenye kusemea familia, akakohoa kohoa, akatengeneza sauti.

Yaya anafungua. Ordinatere inakatala. Anafungua tena. Inakatala!

«Mutulie,» mujomba anasema. «Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu. Wenda bangali banalala.»

«Tata, ile saa tulishaihesabu,» tantine anamujibu. «Musijifiche nyuma yake.»

Simu ndogo ya tantine ikalia. Ni baba ya binti, sauti yake ikajaa mu nyumba yote: «Kama kufika ku video tu kunamushinda, ku mulango wangu atafika siku gani? Mi namaliza hii soda yangu. Ikiisha, navua veste, maneno imekwisha!»

Yaya akageuka. Akaniangalia. «Mudogo, njo weye ulishika ordinatere mwisho. Ulifanya nini?»

«Mi? Hakuna kitu, yaya! Ni rezo ya mutandao. Bale batu ba rezo ni bezi, banatuibia!»

Mama yangu, ile bongo, uongo mutupu! Mujomba naye akaanza kutukana batu ba rezo, mupaka ku babu zao.

Nikasogea karibu. Ku ordinatere kuliandikwa: saa yako iko mbele. Kumbe kila kitu ya internet inakuja na badge, kitambulisho yenye iko na tarehe ya mwisho. Ordinatere iko kama mulinzi ku mulango wa mine. Weye unamuonyesha badge ya mwaka huu, yeye anafikiri tuko miaka tatu mbele. Anakufukuza!

«Yaya, kunywa maji kwanza, mi nijaribu.» Nikarudisha saa. Pwaa! Bamukwe hawa hapa, bamenuna kama makayabo, samaki ya chumvi.

«Ahaa,» baba ya binti akasema, «bafalme bamefika.» Soda ilibakia kidogo ku chini ya chupa.

Bakakubali kusema na sisi, lakini tantine akakata amende, faini ya kuchelewa: mbuzi dume. «Yaya yako ainunue, ikae kwenu, muilishe. Siku ya ndoa mukuje nayo. Na mukuje kwa saa!»

Yaya hakubisha. Akanishika bega mbele ya bote: «Mudogo yangu njo aliniokoa.» Batu bakanipigia makofi! Na mi, bila haya, nikainama, nikasema aksanti.

Sasa nani anachunga mbuzi? Mi. Kila asubui, mbele jua itoke: meee, ku mulango wangu! Haina internet, haina kifungo ya kuzima, na haikosaka saa hata siku moja. Inakula mahindi ya kweli, na mi, tangu saa irudi, jeu inaniambia ningoje miaka tatu.

Yaya akipita anasema: «Mudogo, unaichunga muzuri.» Weh! Ile neno inanichoma kuliko fimbo.

Bavijana, muniskie. Saa ya mashine haiko ya kuchezea. Ukiisukuma juu ya kitu yako ya bure, kuko mwenzako mwenye ananyoa ndevu, anavaa veste, na hajue ulishamuchelewesha. Acheni mahindi ikomae yenyewe. Na mukiharibisha, museme mapema, mbele batu bapige makofi. Kisha makofi, kinywa inakuwa nzito!

Na weye yaya, kama unasoma hii, si mi. Kolwezi kuko bavijana mingi na mbuzi mingi. Lakini tafazali, usiulize ile mbuzi ya kwetu. Njo yeye peke yake nilishaambia kweli.