Mbegu Mbichi za Msoo

Juzi, kwenye kitalu kimoja hapa Rau, nilimwona kijana akipasua tunda bichi la msoo kwa kisu. Mbegu yake ilikuwa bado ute mtupu, akaitupa. Harufu ile ya ubichi ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Baba alikuwa mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuotesha miche ya msoo, mti uliokuwa adimu sana katika msitu wetu. Nilimsikia akimwambia mama, "Mbegu bado hazijakomaa. Sijui kama nitazifikia."

Nilidhani anazungumzia umbali. Nikakimbilia msituni, nikachuma matunda ya kijani kwenye tawi lililoangushwa na upepo, nikayabeba kwenye gauni langu.

Baba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, blanketi mabegani, pumzi ikikwaruza kifuani.

"Nimekuletea, baba. Usiende tena huko."

Aliyabonyeza moja moja.

"Ahsante, mama," akaniambia. "Lete jembe."

Tuliyafukia pamoja. Nikamuuliza yataota lini.

"Wewe mwagilia tu."

Tulimzika kabla ya mvua. Niliendelea kumwagilia kila jioni, mpaka mama akalichukua kopo mkononi mwangu taratibu. Hakuna kilichoota, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikosea kumwagilia.

Sasa najua kwamba baba alijua tangu alipoyabonyeza. Hata hivyo alipiga magoti, na nguvu kidogo alizobakiwa nazo akazitumia kupanda nami yote, hadi la mwisho.